Namna ya kupima baruti ya gobore ili risasi zitue pamoja

Anayelenga shabaha kwa gobore hutengeneza kila mlio kwa mkono wake mwenyewe: anapima baruti, anaimimina, anaweka risasi, anashindilia. Risasi ya bunduki ya kisasa imefanyiwa yote hayo kiwandani. Ndiyo maana watu wawili wenye gobore la aina moja, baruti ya kopo moja na risasi za kalibu moja wanaweza kupata karatasi mbili zisizofanana kabisa. Mmoja matundu yake yamekusanyika, mwingine yametawanyika kuanzia juu ya duara hadi chini. Yakitawanyika hivyo, juu na chini, baruti ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Ubishi wa kila siku ni huu: tupime kwa ujazo au kwa mizani? Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Baruti ya uwanjani ipime kwa ujazo, kwa mwendo mmoja wa mkono usiobadilika. Mizani ibaki nyumbani, na kazi yake iwe kuukagua mkono. Mtu mwenye mkono thabiti na kipimio cha kawaida cha ujazo humshinda mwenye mizani ya gharama anayemimina na kushindilia ovyo, kwa sababu sehemu kubwa ya tofauti huingia baada ya baruti kutoka kwenye mizani.

Kabla hujagusa kopo

Tumia baruti nyeusi tu, au mbadala wake uliotengenezwa mahsusi kwa magobore. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi haiingii kwenye gobore, hata kidogo, hata ikichanganywa. Mtutu unapasuka, na aliyeushika anaumia au kufa. Kiwango cha juu cha baruti kimeandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji wa bunduki yako, nacho hakivukwi. Kama gobore ni la zamani na halina kitabu, lipeleke kwa fundi bunduki alikague mtutu kwanza. Hakuna sigara wala moto karibu. Kopo kubwa linafungwa kila unapochota na kukaa mbali na mstari wa kufyatulia. Kwa vyombo, shaba njano ndiyo chaguo la siku zote, kwa kuwa haitoi cheche.

Jua namba ya kipimio ina maana gani

Baruti hupimwa kwa greini. Gramu moja ni greini 15.43, na ratili moja ni greini 7,000. Hapo hakuna utata. Utata unaanza ukisoma "60" kwenye kipimio cha baruti nyeusi: namba ile ni ya nafasi, si ya uzito. Ni nafasi inayotarajiwa kubeba takriban greini 60 za baruti nyeusi ya kawaida. Baruti ya kiwanda fulani imeshindiliwa zaidi wakati wa kutengenezwa, kwa hiyo nafasi ile ile hubeba uzito zaidi. Ya kiwanda kingine ni nyepesi. Ukibadilisha kopo bila kukagua, umebadilisha kipimo bila kujua.

Ukubwa wa punje nao una neno. Herufi F kwenye kopo zinavyoongezeka ndivyo punje zinavyokuwa ndogo. Fg ni ya mizinga midogo na mitutu mipana sana. FFg hutumika sana kwenye bunduki za kaliba (upana wa ndani wa mtutu, kwa inchi) .50 kwenda juu, na FFFg kwenye bastola na bunduki za kaliba ndogo. FFFFg ni ya kuwashia kwenye kisahani cha gumegume, yaani gobore linalowashwa kwa cheche za jiwe. Punje ndogo zina eneo kubwa zaidi la kushika moto, hivyo huungua haraka na kuongeza shinikizo, tena hulala kwa kubanana zaidi ndani ya kipimio. Mtu anayehama kutoka FFg kwenda FFFg bila kugusa kipimio amebadilisha mambo mawili kwa pamoja, na amepandisha shinikizo. Shuka kwanza, kisha panda taratibu ndani ya mipaka ya kitabu.

Kwa mbadala kama Pyrodex, kosa la hatari ni kuipima kwa mizani. Iliundwa ichukue nafasi sawa na baruti nyeusi, lakini ni nyepesi. Ukiweka greini 60 za uzito wa Pyrodex ukidhani ni sawa na greini 60 za baruti nyeusi, umejaza kupita kiasi. Triple Seven, mbadala mwingine, ina nguvu zaidi, na mtengenezaji wake anashauri kupunguza ujazo kwa asilimia 15 ili kupata mwendo unaokaribiana na wa baruti nyeusi.

Hatua ya 1: Chagua kipimio kimoja na ukae nacho

Vipimio vya kurekebisha, vyenye fimbo inayopanda na kushuka ndani ya bomba la shaba, vinafaa sana wakati bado unatafuta kipimo cha bunduki yako. Udhaifu wao ni skrubu. Ikilegea kidogo mfukoni, fimbo inateleza na wewe huna habari. Ukishapata kipimo, chora alama nyembamba kwenye fimbo, sawa na ukingo wa bomba, uitazame kila unapoanza. Bora zaidi, tengeneza kipimio kisichobadilika: kipande cha bomba la shaba kilichozibwa upande mmoja na kukatwa hadi kibebe kiasi kile tu.

Kati ya kipimio kipana kifupi na chembamba kirefu, chukua chembamba. Makosa hutokea juu, pale unaposawazisha. Mdomo ukiwa mpana, unene wa kucha tu wa ziada ni baruti nyingi. Mdomo ukiwa mwembamba, unene ule ule ni punje chache.

Usiazime kipimio cha jirani kwa kuwa namba zinafanana. Vipimio viwili vilivyoandikwa 60 vinaweza kutofautiana kwa greini kadhaa.

Hatua ya 2: Mwendo mmoja wa mkono

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Jaza ndoo mchanga mkavu, kisha ipigepige ubavuni: mchanga unashuka na nafasi inabaki juu. Baruti hufanya vivyo hivyo. Kipimio kilichojazwa kwa kumiminiwa taratibu kutoka karibu hubeba kidogo kuliko kilichojazwa kwa kumiminiwa kwa kasi kutoka juu, na kilichogongwagongwa hubeba zaidi kuliko vyote viwili. Hakuna njia ambayo ni kosa kwa yenyewe. Kosa ni kutumia hii leo na ile kesho, au zote mbili ndani ya karatasi moja.

Njia ninayoiamini ni ya kugonga. Kabla ya kuanza, laza kopo lililofungwa na ulizungushe taratibu mara chache, maana vumbi hushuka chini na punje kubwa hubaki juu. Usilitikise kwa nguvu, kwa sababu utazisaga punje na kuongeza vumbi. Mimina baruti kwenye chupa ndogo ya kazi yenye mdomo wa shaba, ufunge kopo na kulirudisha mahali pake. Shika kipimio wima. Weka mdomo wa chupa kwenye ukingo wake, kila mara pale pale, na uache baruti iteremke kwa mkondo mmoja bila kusita mpaka ifurike juu kidogo. Kisha gonga ubavu wa kipimio kwa ukucha wa kidole cha shahada, kwa idadi ile ile kila mara. Sita zinatosha. Baruti itashuka chini ya ukingo. Ongeza mpaka ifurike tena, gonga mara mbili, halafu usawazishe.

Kwenye kusawazisha, kama kipimio kina faneli inayozunguka juu yake, izungushe kwa mwendo mmoja na iache ikate ziada. Kama hakina, tumia kipande cha mbao au pembe chenye ukingo ulionyooka, ukivute mara moja. Usikandamize. Usitumie kidole, maana kidole ni laini na huzama ndani ya kipimio, na leo kitazama zaidi ya jana.

Ukiona unaongea na mtu huku unapima, mwaga kipimo hicho kwenye chupa na uanze upya. Watu wengi hawafanyi hivi, na karatasi zao huonyesha.

Hatua ya 3: Mizani iukague mkono

Fanya hivi nyumbani, mezani, pasipo upepo. Mizani ya mkono wenye uzani wa kusogeza inafaa kabisa na haina umeme. Mimina vipimo viwili vya kuanzia na uvirudishe chupani, kwa kuwa mkono bado haujazoea. Kisha mimina kumi, upime kila kimoja na kuandika uzito wake.

Tuseme umepata 61.2, 60.9, 61.0, 61.3, 60.8, 61.1, 62.6, 61.0, 60.9 na 61.2. Usikimbilie wastani. Tazama kubwa na ndogo. Tisa kati yake ziko ndani ya nusu greini, na huo ni mkono mzuri sana. Ile ya 62.6 ina sababu, nayo karibu kila mara ni ya mkono: ulisita katikati, ukagonga zaidi, au faneli ilinasa na kuirudia. Rudia kumi nyingine ukiwa makini na jambo hilo moja.

Kwa shabaha za mita 50 hadi 100, mkono unaotoa vipimo vyote kumi ndani ya greini moja umefaulu. Hesabu inaonyesha kwa nini. Chukua risasi mbili, moja ikitoka kwa mita 400 kwa sekunde na nyingine kwa mita 410. Hata ukiweka kando ukinzani wa hewa, tofauti ya kushuka kwake kwenye mita 50 ni takriban milimita 4. Kwenye mita 100 ni sentimita moja na nusu. Kwenye mita 200 ni karibu sentimita 6. Umbali ukizidi mara mbili, tofauti huzidi mara nne, na hewa huongeza yake. Kwa hiyo mtu wa mita 50 anayehangaika na sehemu za kumi za greini anapoteza muda ambao angeutumia kujifunza kuvuta kifyatulio vizuri.

Masafa marefu ni habari nyingine. Mwaka 1874, kwenye uwanja wa Creedmoor, New York, timu ya Ireland yenye magobore ya Rigby ilishindana na Wamarekani waliotumia bunduki za Remington na Sharps zinazojazwa kwa nyuma, kwa yadi 800, 900 na 1,000. Pande zote mbili zilitumia baruti nyeusi. Wamarekani walishinda kwa pointi 934 dhidi ya 931, na mmoja wa Waireland alikuwa amepiga katikati kabisa ya shabaha isiyokuwa yake. Kwa masafa ya namna hiyo, pima kila kipimo kwa mizani bila kusita.

Hatua ya 4: Hamishia vipimo kwenye vichupa

Pima nyumbani, weka kila kipimo kwenye kichupa chake chenye kifuniko, kisha nenda uwanjani. Mashindano ya kimataifa yanayosimamiwa na MLAIC, chombo cha vyama vya magobore duniani, yanadai hivyo: baruti ije imeshapimwa, kila kipimo peke yake. Sababu ya kwanza ni uhai. Baada ya mlio, kaa linaweza kubaki chini ya mtutu. Likiwasha kipimo kimoja kinachomiminwa kutoka kwenye kichupa, utaungua. Likiwasha pembe nzima ya baruti uliyoielekeza mdomoni mwa mtutu, umeshika bomu. Usimimine kamwe kwenye mtutu moja kwa moja kutoka kwenye pembe, chupa au kopo.

Sababu ya pili inahusu usahihi. Baruti ikishaingia kwenye kichupa, mtikisiko wa safari haudhuru tena. Punje zitashuka na kubanana, lakini kiasi ni kile kile. Anayepimia uwanjani hupambana na upepo, mikono iliyotoa jasho na muda unaokimbia.

Panga vichupa kwenye ubao wenye matundu. Kilichotumika kirudishe kichwa chini. Ndivyo unavyojua kwa jicho moja kama mtutu umeshapata baruti au bado, na ndivyo unavyoepuka kumimina mara mbili.

Hatua ya 5: Baruti yote ifike chini

Huu ndio upotevu usiotajwa. Umepima 61.0 kwa uangalifu, umeimimina kwenye mtutu ulioufuta kwa kitambaa kibichi, na punje kadhaa zimeganda ukutani. Zilizofika chini ni chache kuliko ulizopima, na kesho zitaganda nyingi zaidi au chache zaidi. Baada ya kitambaa kibichi pitisha kikavu, kila mara, kisha simamisha mtutu wima na umimine kwa mkondo ule ule. Bomba refu jembamba la shaba lenye faneli juu, linaloshuka ndani ya mtutu hadi karibu na chini, huondoa tatizo hili na hulaza baruti kwa namna ile ile kila mara. Gonga ubavu wa mtutu kwa kiganja mara tatu nne kabla ya kuweka risasi. Kichwa na mikono vikae pembeni ya mdomo wa mtutu, muda wote.

Hatua ya 6: Shindilia kwa nguvu moja

Risasi lazima ikae juu ya baruti bila mwanya. Mwanya ukibaki, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Ukiwa na kipimo chako cha kawaida, shindilia mpaka chini, kisha chora alama kwenye mdeki, ile fimbo ya kushindilia, sawa na mdomo wa mtutu. Tangu hapo alama isipofika mdomoni, risasi haijafika. Ikizama chini ya mdomo, baruti ni pungufu au haipo kabisa.

Baruti nyeusi hupenda kubanwa kidogo, na kubanwa kwa namna moja. Shusha mdeki kwa mkandamizo mmoja mzito unaoweza kuurudia, kwa mfano kuegemeza uzito wa mkono ulionyooka. Wale wanaopigapiga mdeki mpaka uruke huibonyeza risasi na kuiharibu umbo, na nguvu yao haifanani mara mbili.

Hatua ya 7: Masizi nayo yawe sawa

Zaidi ya nusu ya baruti nyeusi inayoungua hubaki kuwa vitu vigumu, moshi na masizi, badala ya gesi. Risasi ya pili haiukuti mtutu katika hali ile iliyoukuta ya kwanza. Kipimo kikiwa sawasawa na mtutu ukiwa mchafu zaidi kila mlio, shinikizo litapanda na matundu yatahama kwenye karatasi. Futa baada ya kila risasi, kwa idadi ile ile ya vitambaa, unyevu ule ule, mipito ile ile. Hali ya hewa ikiwa kavu masizi hukauka na kuwa magumu, kwa hiyo unyevu wa kitambaa uongezeke kidogo. Kukiwa na unyevu hewani huwa laini na huondoka kwa urahisi.

Muda nao ni sehemu ya kipimo. Kwenye mashindano ya MLAIC mtu hupewa dakika 30 kwa risasi 13, na kumi bora ndizo zinazohesabiwa. Hiyo ni zaidi kidogo ya dakika mbili kwa kila risasi, inatosha kabisa kwa asiye na papara. Ukikaa dakika kumi ukipiga soga kisha ukarudi, mtutu umepoa na masizi yamekauka, na risasi inayofuata itakwenda kwake.

Kwenye bunduki ya fataki, kabla ya kujaza kwa mara ya kwanza, fyatua fataki moja au mbili tupu ili kukausha mafuta kwenye chuchu, kile kijibomba kinachovikwa fataki. Kwenye gumegume, greini 3 hadi 4 za FFFFg kisahanini zinatosha. Tundu la moto lisizibwe na baruti, maana likizibwa moto huchelewa na lengo limeshahama.

Hatua ya 8: Kitafute kipimo cha bunduki yako

Sasa mkono umetulia, jaribio lina maana. Anzia kiwango cha chini cha kitabu, piga risasi tano, panda kwa greini 5, piga tano nyingine kwenye karatasi mpya, na uendelee bila kuvuka kikomo. Usibadilishe kingine chochote. Mara nyingi utaona matundu yanakaribiana, kisha yanatawanyika tena. Ninachotafuta mimi ni sehemu ambapo vipimo viwili jirani, tuseme 60 na 65, vyote vinakusanya vizuri. Hapo kosa dogo la mkono halitaadhibiwa. Kuongeza baruti zaidi kwa sababu mlio unapendeza kunaongeza teke na masizi tu.

Soma karatasi kabla ya kulaumu baruti. Mtawanyiko wa kushoto na kulia ni upepo, kidole au namna ulivyoshika. Kama risasi yako huizungushia kitambaa chenye mafuta kabla ya kuishindilia, okota vitambaa hivyo vilivyoanguka mbele ya mtutu. Vikiwa vimechanika au kuungua katikati, shida ni unene wake au mafuta yake, na hakuna kipimo cha baruti kitakachokuponya. Pima na risasi zako pia: ya duara ya inchi .490, iliyosubuliwa kwa madini safi ya risasi, ina takriban greini 177. Iliyo nyepesi waziwazi kuliko wenzake ina kiputo cha hewa ndani. Irudishe kwenye chungu cha kuyeyushia.

Kila karatasi iandike nyuma: baruti na namba ya toleo iliyo kwenye kopo, ukubwa wa punje, alama ya kipimio, uzito wa wastani wa vipimo kumi, unene wa kitambaa cha risasi, hali ya hewa. Siku kopo hilo litakapoisha, usifyatue baruti ya kopo jipya kabla hujamimina vipimo kumi kwa kipimio kile kile na kuvipima. Ukiona wastani umehama kutoka 61.0 hadi 63.5, shusha fimbo mpaka urudi 61.0, piga risasi tano za kukagua, kisha chora alama mpya kwenye fimbo na uandike tarehe kando ya namba ya kopo.